Kasongo ilifaulu na kidogo, Namoya ilianguka na mamilioni



Kila mara kitu kinapoharibika kwetu, jibu ni lile lile: "Pesa hakuna." Sosiete inafunga, pesa hakuna. Kituo cha afya hakina dawa, pesa hakuna. Kese ya sekta iko tupu, pesa hakuna. Wakubwa wanalisema kwenye mikutano, na sisi vijana tumelizoea mpaka tunalirudia wenyewe kwenye balabala.

Leo tunalikataa hilo jibu. Pesa ni kitu, hatubishi. Lakini hapa kwetu, kusini mwa Maniema, tuko na historia mbili zinazoonyesha kwamba kazi inasimama ama inaanguka kufuatana na namna watu wanavyoongozwa na namna maamuzi yanavyochukuliwa. Moja ni ya Kasongo, ingine ni ya Kabambare. Zote mbili zimesomwa sana Ulaya na Canada. Sisi wenye nazo, wangapi tumefundishwa shuleni?

Kasongo: kupanga kazi na kile kilichoko

Mwaka 1971, waganga wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, walianza kazi Kasongo pamoja na waganga na wauguzi wa hapa. Kazi ile iliitwa Mradi wa Kasongo. Swali lao lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulijibu: kwa wafanyakazi hawa na dawa hizi, tupange kazi namna gani ili mtu wa kijijini atibiwe vizuri, asingoje mpaka abebwe kwenye kipoyi kwenda hospitali?

Jibu lao lilikuwa maamuzi machache yaliyoshikwa kwa miaka mingi. Kwanza, kila kituo cha afya kilipewa watu wake, kama 10,000 hivi, na kazi ya kituo ilikuwa kuwajua watu hao na kujibu juu yao. Pili, kituo kiliongozwa na muuguzi. Alipewa mafunzo, alipewa maelekezo yaliyoandikwa, akaachiwa kuamua. Hakungoja muganga atoke mjini ndipo mtoto mwenye homa atibiwe. Tatu, hospitali iliachiwa kazi ile ambayo kituo hakiwezi: mgonjwa anaanza kituoni, kituo ndicho kinamtuma hospitali. Nne, waganga walitoka ofisini kwenda kwenye vituo, wakakaa na muuguzi, wakaangalia kazi yake na kumsaidia pale alipokwama. Tano, wananchi walikuwa na komite zao za kusema nini kinaenda na nini hakiendi.

Angalia vizuri orodha hiyo. Sehemu kubwa yake haihitaji mamilioni ya dola. Inahitaji mtu ajue kazi yake ni ipi, apewe uwezo wa kuifanya, na mkubwa wake aende kuiona kwa macho.

Iko kitu cha sita, na kwetu sisi ndicho kikubwa: walihesabu, kisha wakatangaza hesabu hata kama haipendezi. Mwaka 1981 kikundi cha Mradi wa Kasongo kiliandika katika gazeti la waganga The Lancet juu ya chanjo ya surua. Dunia nzima ilikuwa inaisifu chanjo ile. Wao wakauliza swali gumu: mtoto dhaifu akiokolewa na surua, je, hatachukuliwa kesho na ugonjwa mwingine kama matunzo mengine hakuna? Wataalamu walibishana miaka mingi juu ya jibu hilo, na hatuko hapa kumwambia mama yeyote aache chanjo. Tunasema hivi: kikundi kinachoandika matokeo yanayoweza kukitia aibu ni kikundi kinachotaka kujifunza. Mwaka 1988, Wim Van Lerberghe na muganga Mkongo Pangu waliandika tena, safari hii kuonyesha kwamba vituo vya afya vya Kasongo vilibadilisha namna watu walivyolazwa hospitali. Ugonjwa ulioshikwa mapema kituoni haukufika kitandani.

Na hesabu hizo zilisaidia. Miaka ya 1980 Zaire iligawanywa katika zoni za afya 306, na Kasongo ilikuwa moja ya mahali palipofundisha nchi namna ya kufanya, pamoja na Bwamanda, Kisantu na Vanga. Leo Maniema iko na zoni za afya 18. Kila mara ukisikia neno "zoni ya afya", kumbuka kwamba sehemu ya wazo hilo ilipikwa hapa kwetu.

Namoya: dhahabu iko, kazi ilisimama

Sasa twende Kabambare, kule Salamabila. Dhahabu ya Namoya haikuanza jana. Ilikuwa mikononi mwa SOMINKI, sosiete iliyozaliwa mwaka 1976 kwa kuunganisha sosiete za madini za Kivu na Maniema. SOMINKI ilikufa, na wazee waliofanya kazi pale walidai malipo yao ya mwisho kwa miaka na miaka. Mwaka 1996 Banro ya Canada ilianza kununua mali zake. Ikaja vita, yakaja mabishano na serikali, mpaka mapatano ya mwaka 2002.

Mwaka 2012 Banro ilikopa dola milioni 175, kwa faida ya asilimia 10 kila mwaka, kulipa mwaka 2017. Wakati ule bei ya dhahabu ilikuwa juu, zaidi ya dola 1,600 kwa aunsi. Walikuwa wametoka tu kuanzisha Twangiza, Kivu Kusini, na papo hapo wakajenga Namoya. Mwaka 2013 bei ikaanguka mpaka karibu dola 1,200. Deni halikuanguka.

Kisha likaja jambo la mchanga. Namoya walichagua njia ya kupanga mawe yaliyosagwa kama kilima na kuyanyunyizia maji yenye sianidi, ili maji yapite katikati na kushuka na dhahabu. Ni njia ya bei nafuu. Lakini mawe ya Namoya yalitoa unga mwingi kuliko walivyohesabu, na unga ukilowa unaziba kama udongo wa mfinyanzi. Maji hayapiti, dhahabu inabaki juu. Ilibidi wabadilishe mpango na kuleta mapipa makubwa ya kuzungusha mawe ili unga ushikane. Dhahabu ya kwanza ilitoka mwisho wa mwaka 2013. Kazi ya biashara kamili ilitangazwa mwezi wa kwanza mwaka 2016. Miaka miwili hivi ya kutengeneza kile kilichotakiwa kujulikana mbele ya kujenga, na riba inahesabiwa kila siku.

Halafu watu. Vilima vile, Mwendamboko, Kakula, Muviringu, vilikuwa na wachimbaji wa mikono, wakrezeri wetu, waliolisha familia zao pale. Kuwatoa mtu mahali pa chakula chake ni uamuzi mkubwa kuliko wa kununua mashine. Ukifanywa vibaya, unazaa maadui wanaojua kila njia ya porini. Salamabila ikawa jina la risasi, la magari kushambuliwa na wafanyakazi kutekwa. Mwezi wa 12 mwaka 2017 Banro iliomba ulinzi wa korti Canada dhidi ya wenye kuidai. Mwezi wa 9 mwaka 2019 ilisimamisha kazi kwa sababu ya usalama.

"Lakini hamlinganishi sawa"

Tunajua mtakayosema. Wa kwanza atasema: Namoya iliangushwa na bunduki, si na mameneja. Bunduki zilikuwepo, na aliyeshika bunduki kumtesa mfanyakazi hana sifa kwetu. Lakini angalia tarehe. Deni lilichukuliwa 2012, kilima kilikwama mbele ya 2016, korti ilikuwa 2017. Mbele kazi isimame mwaka 2019, nyumba ilikuwa imeshaoza nguzo.

Wa pili atasema: Mradi wa Kasongo ulikuwa na pesa za Wabelgiji. Kweli. Na Ubelgiji ilipokata ushirikiano na Zaire mwaka 1990, kisha vita vya 1996 na 1998 vikafuata, Kasongo iliumia sana. Hatusemi kupanga vizuri kunashinda vita. Tunasema kwamba mpango wa vituo na komite ulibaki, na mpaka leo ndio njia ambayo mama wa kijijini anapitia kutafuta matibabu. Cha Namoya kilichobaki kwa mama huyo ni kipi?

Na leo?

Tukiangalia ofisi, shirika na koperative nyingi za leo, tunaona watu wanaiga Namoya kuliko Kasongo. Uamuzi unatoka juu na kila mtu anauogopa. Kazi inagawiwa kwa ndugu na kwa karatasi ya "nimetumwa na fulani". Tuko na lisansi za uchumi, za usimamizi, za maendeleo vijijini, na tunajibiwa kwamba nafasi imeshachukuliwa mbele tangazo halijabandikwa. Hilo linatuumiza sisi, lakini linaumiza zaidi ile kazi yenyewe, kwa sababu anayeshika kese bila kujua hesabu atawapoteza wote. Muuguzi anafanya kazi bila mshahara wa serikali, anaishi kwa pesa ya mgonjwa, kisha tunashangaa kwa nini mgonjwa hafiki. Mkubwa anasoma rapori Kindu na hajafika kijijini tangu apewe cheo.

Na sheria tuko nayo. Kodi ya Madini ya mwaka 2018 inasema katika malipo ya madini ambayo sosiete inalipa serikali, asilimia 25 ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya sekta ama sheferi ile ambamo madini yanatoka. Tena sosiete inatakiwa kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wananchi, na kutia sahihi mkataba nao juu ya kazi itakayofanya. Mchimbaji wa mikono anatakiwa kuwa ndani ya koperative, na sheria ya OHADA juu ya koperative inasema mwanamemba mmoja, kura moja. Sasa jiulize: koperative ngapi mnazijua ambamo mwenye mashine ndiye rais, ndiye mweka hazina, ndiye mkutano mkuu?

Tunadai nini

Moja. Sosiete yoyote itakayofanya kazi Namoya, jina lake liwe lolote, ikae na wakrezeri na wananchi mbele ya kuanza, mkataba uandikwe na usomwe kwa Kiswahili mbele ya watu wote. Karatasi ya Kifaransa iliyofungwa kwenye dirowa ya mkubwa si mkataba na wananchi.

Mbili. Kila sekta na sheferi ya Kasongo na Kabambare ibandike kwenye mlango wake, kila miezi mitatu, pesa iliyoingia na iliyotoka. Karatasi moja inatosha.

Tatu. Kila koperative iitishe mkutano mkuu na kuonyesha kese kwa wanamemba wake. Asiyeonyesha tutamuuliza kwa amani, kwa barua, na tutarudi kuuliza tena.

Nne. Nafasi ya kazi itangazwe hadharani, na mtihani ufanywe hadharani. Akishinda mtoto wa shefu, sawa, tutampongeza. Lakini ashinde.

Tano. Waganga na wakubwa wa zoni za afya wapewe njia ya kufika kwenye vituo, na wafike. Na muuguzi alipwe. Hakuna usimamizi unaoweza kuchukua nafasi ya mshahara.

Na sisi vijana? Tunachodai kwa wengine ni sheria kwetu pia. Kese ya harakati yetu itasomwa kwenye kila mkutano wa mwezi. Kila kazi itakuwa na mtu mmoja anayejibu juu yake, na uamuzi hautachukuliwa bila wale utakaowagusa kuwa wamesikilizwa. Ukiona hatufanyi hivyo, inuka uulize. Hutakuwa mpinzani wetu. Utakuwa umefanya kazi yako.

Kwa wale walioko Kindu, Bukavu, Goma, Lubumbashi, Kinshasa, tunaomba jambo moja. Mkisikia mtu anasema kwamba watu wa Maniema hawawezi kuendesha kitu, mwambieni asome juu ya Kasongo. Wazee wetu, wauguzi wa vijijini, walionyesha kwamba inawezekana, na hawakuwa na intaneti wala gari la kila mtu. Walijua kazi yao, walihesabiwa nayo, na mkubwa alikuja kuona.

Kwa hiyo wiki hii, nenda kwenye ofisi ya sekta yako, ama kwenye koperative ya baba yako, ama kwenye komite ya kituo cha afya cha mtaa wako, uulize swali moja tu kwa heshima: "Shikamoo mzee, hesabu ya mwezi uliopita iko wapi?"

Tuandikieni jibu mtakalopata.