Bei ya bomba haiko kwenye bomba

Leo naweka kando habari za programu nizungumzie mabomba ya maji. Usikimbie, msomaji wangu. Ukifika mwisho utaona ni yale yale tu.

Swali linaloulizwa sana hapa Thika na kule Ruiru ni hili: kubadilisha mabomba ya nyumba nzima ni pesa ngapi? Fundi wa kwanza anataja bei hapo hapo kwa simu. Wa pili anataja mara mbili ya ile. Wa tatu anasema hawezi kutaja mpaka aje aone. Mwenye nyumba anaamua kwamba wa kwanza ni mwaminifu, wa pili ni mwizi, na wa tatu anatafuta nauli. Mimi naona wa tatu ndiye anayeijua kazi yake.

Msimamo wangu ni huu: bomba lenyewe mara nyingi ndilo sehemu rahisi ya gharama. Kinachokula pesa ni kulifikia, na kinachokula zaidi ni kutojua liko wapi.

Kwa nini hili linatuhusu sisi

Thika ni mji wa viwanda wa tangu zamani, na nyumba nyingi za mitaa yake ya zamani zilijengwa wakati mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, yale mafundi wanayaita GI, yalikuwa ndiyo ya kawaida. Chuma hicho huota kutu kwa ndani. Njia ya maji inazidi kuwa nyembamba mwaka baada ya mwaka, asubuhi maji yanatoka na rangi ya chai, halafu siku moja unaona doa la unyevu ukutani.

Ruiru ina hadithi yake. Tangu barabara kuu ya Thika ipanuliwe, kazi iliyokamilika 2012, ploti nyingi zimegeuka kuwa magorofa ya kupangisha. Mabomba ya huko mengi bado si ya zamani, ila mengi yalifunikwa kwa haraka kabla ya yeyote kuandika yalipita wapi.

Pande zote mbili kuna mgao wa maji. Bomba linakauka, linajaa hewa, halafu maji yanarudi kwa kishindo. Chuma kinacholowa na kukauka kila mara huoza upesi. Bwawa la Karimenu II, lililozinduliwa 2022, lilijengwa ili kuongeza maji Ruiru, Juja na Gatundu. Ni jambo jema, lakini maji zaidi katika bomba linalovuja ni bili kubwa zaidi.

Tupige hesabu kidogo. Uvujaji wa lita 1 kwa dakika ukiwa chini ya sakafu huenda usiusikie kabisa. Kwa siku ni lita 1,440. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 43,200, yaani zaidi ya yuniti 43. Ukiwa upande wako wa mita, utalipia kila tone. Kampuni ya maji, iwe THIWASCO ya Thika au RUJWASCO ya Ruiru na Juja, kwa kawaida huangalia bomba hadi kwenye mita. Ukishapita mita ni wewe na mfuko wako.

Vitu vinavyopandisha bei

1. Ukuta. Nyumba zetu nyingi ni za mawe ya kukatwa kwa mashine, maana machimbo ya Ndarugu yako karibu. Kuchonga njia ya bomba kwenye jiwe kunataka grainda, patasi na mtu wa mkono wa kutwa nzima. Halafu kuna kuziba, plasta na rangi. Kama ukuta una vigae na vile vya aina hiyo haviuzwi tena, utabandua ukuta mzima wa bafu ili rangi zilingane. Ulikuwa unabadilisha bomba, sasa unajenga bafu jipya.

2. Viungo. Watu hupima kwa mita, lakini bomba lililonyooka halina maneno. Kazi iko kwenye elbo, tii, valvu na yunioni. Nyumba ambayo jikoni na bafu vinagawana ukuta mmoja ina viungo vichache. Nyumba ya ukubwa ule ule yenye choo kila pembe ina vingi. Nyumba mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuachana sana kwa bei, na hakuna aliyeibiwa.

3. Aina ya bomba. Chuma kinavumilia kugongwa, lakini ni kizito na kinahitaji kukatwa nyuzi kila kiungo. PVC ya kawaida ni ya bei nafuu, ila haifai kwa maji moto. PPR, ya plastiki, haipati kutu, na ukichagua daraja linalofaa inabeba maji moto pia. Yenyewe huunganishwa kwa mashine ya joto la kama nyuzi 260. Fundi akipasha kupita kiasi, plastiki inavimba ndani na kubana njia, na kwa nje kiungo kinaonekana safi kabisa. Kwa hivyo unalipia mkono wa fundi kuliko plastiki. Na angalia alama ya KEBS kwenye vifaa: unaweza kuhakikisha kibali kwa kutuma SM# na nambari yake kwenda 20023.

4. Mifumo miwili. Kwa sababu ya mgao, nyumba nyingi zina laini ya moja kwa moja kutoka kwa kampuni na laini nyingine inayoshuka kutoka kwa tangi. Ukiwa na kisima, kuna ya tatu. Fundi mmoja anaposema "mabomba yote" anaweza kumaanisha laini moja, mwingine zote. Hapo ndipo bei ya pili inapokuwa mara mbili ya kwanza bila mtu kudanganya.

5. Watu waliomo ndani. Huwezi kuwafungia wapangaji wa gorofa nne maji kwa wiki nzima. Itabidi kazi ifanywe gorofa kwa gorofa, kukiwa na bomba la muda pembeni na fundi anayekuja na kurudi. Wenzangu waandishi wa programu wanaujua uchungu wa kubadilisha mfumo huku wateja wanautumia.

Malipo kwa asilimia

Kuna desturi moja ambayo naipinga waziwazi. Mafundi wengine hukadiria ufundi kama asilimia ya bei ya vifaa. Inaonekana rahisi, na kwa nyumba mpya ambayo kuta bado ziko wazi huenda isiumize sana. Kwa nyumba ya zamani ni hesabu mbovu kwa wote wawili.

Kwanza, inamwadhibu fundi mwangalifu. Akitafuta njia fupi yenye viungo vichache, malipo yake yanapungua. Ni sawa na kumlipa mwandishi wa programu kwa idadi ya mistari aliyoandika: utapata mistari mingi. Pili, haina uhusiano na kazi ngumu. Kuchonga jiwe siku tatu kunaweza kuwa kwa ajili ya vipande viwili tu vya bomba. Fundi akiona amepunjwa ataharakisha, na haraka yake itajificha nyuma ya plasta yako.

Mwambie atenganishe: vifaa peke yake, kuchonga na kuziba peke yake, kuunganisha kwa kila pointi, kupima mgandamizo kabla ya kuziba, na kurudisha plasta na vigae. Kwotesheni ya mstari mmoja si kwotesheni, ni bahati nasibu.

Bei ya kutojua

Nilisema kinachokula zaidi ni kutojua bomba liko wapi. Mfano mkubwa kuliko wote ninaoujua unatoka mbali, mji wa Flint katika jimbo la Michigan, Marekani.

Mwaka 2014 mji huo ulibadilisha chanzo chake cha maji, na maji yale yakaanza kula mabomba ya madini ya risasi, sumu ikaingia majumbani. Ikaamuliwa mabomba yabadilishwe. Shida ikawa moja: hakuna aliyejua kwa hakika ni nyumba zipi zenye mabomba ya risasi. Kumbukumbu za mji zilikuwa kwenye makumi ya maelfu ya kadi za karatasi, nyingine zenye makosa. Njia ya kujua ilikuwa kuchimba, na kuchimba kila nyumba ni pesa.

Watafiti wa vyuo vikuu wakaandika programu iliyokisia, kwa kutumia takwimu za nyumba, wapi risasi ilikuwa na uwezekano mkubwa. Mwaka 2017 kazi ilipofuata makisio hayo, karibu nyumba 7 kati ya kila 10 zilizochimbwa zilikuwa na mabomba ya kubadilishwa. Mwaka 2018 kazi ikaendelea bila programu hiyo, na zikapatikana chini ya 2 kati ya kila 10. Majembe ni yale yale na bomba jipya ni lile lile. Kilichobadilika ni ujuzi wa mahali pa kuchimba.

Sisi shida yetu ni nyingine, lakini somo ni hilo hilo. Kila shimo ambalo fundi anatoboa ukutani akitafuta bomba, unalilipia mara mbili: kulitoboa na kuliziba.

Nini kifanyike

Kwa anayejenga sasa: kabla ya plasta kupigwa, piga picha kila ukuta wenye bomba, ukiwa umeweka futi kamba ukutani ili vipimo vionekane. Chora nyumba kwenye karatasi na uandike umbali wa bomba kutoka pembe na kutoka sakafuni. Weka nakala kwenye simu, nyingine kwenye barua pepe, na nyingine pamoja na hati ya ploti. Ni kazi ya saa moja. Atakayenunua nyumba hiyo baada ya miaka 20 atakuombea dua.

Kwa nyumba iliyopo: usianze na bomba, anza na mita. Usiku funga mifereji yote na valvu ya kuingia kwenye tangi, andika nambari ya mita, usome tena asubuhi. Ikisonga, kuna uvujaji kwenye laini ya kampuni. Ya tangi nayo ipime hivyo hivyo: weka alama ya kimo cha maji jioni, uangalie asubuhi. Huenda ukagundua laini moja tu ndiyo mbovu, na ukaokoa nusu ya kazi.

Kwa landilodi: fikiria kuyaacha mabomba ya zamani yafie ukutani, na kupitisha mapya nje. Wengine watasema inaharibu sura ya nyumba. Kweli, lakini bomba linaloonekana linarekebishwa kwa dakika, hakuna kigae kinachovunjwa na mpangaji haamshwi na grainda. Kumbuka tu kwamba jua huharibu plastiki, kwa hivyo lifunike au lipitishe mahali penye kivuli. Kwa nyumba ya kupangisha, mimi ningechagua hivyo bila kusita.

Na kwa Kaunti ya Kiambu: kabla jengo halijaruhusiwa kukaliwa, mwenyewe atakiwe kuwasilisha mchoro wa mabomba kama yalivyowekwa, maana fundi akiwa kazini hubadilisha mambo na ule mchoro wa kwanza huwa hauna habari. Najua mtu atasema ni karatasi nyingine ya kutolewa kitu kidogo. Hofu hiyo ina msingi. Basi nakala moja ibaki kwa mwenye nyumba, ipitie mikononi mwa kila atakayeinunua, hata kama ile ya ofisini itapotea.

Katika kazi yangu, programu isiyo na maelezo ndiyo ghali kuliko zote kurekebisha, kwa sababu siku za mwanzo zote huenda kwa kuitafuta hitilafu ilipo. Ukuta hauna tofauti. Fundi akikuuliza "bomba linapita wapi?" na ukampa karatasi, hapo ndipo bei inapoanza kushuka.