"Hufyonzwa" Si Jibu

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme jambo linaloniudhi tangu likizo iliyopita.

Katika mtihani wa muhula tuliulizwa, protini tuliyoila huishia wapi? Nikaandika kuwa huvunjwa kuwa amino asidi, nazo amino asidi hufyonzwa katika utumbo mwembamba. Nikapata alama zote. Wengi wenu mlizipata pia. Nasema alama zile hatukuzistahili.

Nilipofika nyumbani Nyakahura nilimkuta mtoto wa dada yangu anaharisha. Mama alikwisha koroga dawa ya maji yenye chumvi na sukari, lakini bibi akamzuia, akakataza hata mchuzi wa maharage. Akanigeukia mimi. "Mjukuu wangu, wewe ndiwe msomi. Tumbo limefunguka, ukimnywesha si yatapita tu? Na chumvi si itazidi kumkausha?" Nikalitafuta jibu langu la mtihani, nikaona halina kitu ndani yake. Kama utumbo ni kitambaa kinachofyonza, na kitambaa kimeharibika, basi bibi amesema kweli. Nikanyamaza. Jioni mganga wa zahanati ndiye aliyemshawishi, mtoto akanywa, akapona. Mimi nilibaki na alama zangu.

Niliporudi shuleni nilikwenda maktaba. Kumbe utando wa seli umeumbwa kwa mafuta, na amino asidi hupenda maji. Hazipenyi hapo hivi hivi. Hupita katika milango, na kila mlango ni protini iliyochomekwa katika utando. Milango ni mingi: lisini ina wake, glutamati ina wake, leusini na jamaa zake wana wao, wakisukumana humo kama sisi kwenye dirisha la jikoni. Halvor Christensen wa Marekani na wenziwe ndio walioanza kuipambanua milango hii katika miaka ya 1950 na 1960.

Tena mingi ya milango hiyo haipitishi amino asidi peke yake. Yataka sodiamu, ile iliyomo katika chumvi, iingie pamoja nayo. Sodiamu ni nyingi nje ya seli na kidogo ndani, kwa hiyo yakimbilia kuingia, na katika kuingia humvuta mwenziwe. Je, haitajaa ndani? Haijai, kwa sababu ipo pampu, aliyoieleza Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, itoayo sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana, kwa nguvu ya chakula tulichokwisha kula. (Kumbe hata kula kuna gharama yake.) Glukosi nayo ina mlango wa namna hiyo, kama alivyosema Robert Crane mwaka 1960, na maji hufuata nyuma. Mlango huo kwa kawaida huendelea kufanya kazi hata mtu anapoharisha. Basi chumvi haimkaushi mtoto. Chumvi na sukari huvutana ndani, na maji pamoja nazo. Na chumvi hiyo hiyo husaidia kupitisha amino asidi za ule mchuzi wa maharage alionyimwa.

Mwenzangu mmoja wa bwenini aliniambia mambo haya ni ya madaktari, na mtihani hauyaulizi. Sikubali. Wapo watu waliozaliwa na mlango mmoja mbovu. Ugonjwa wao ulielezwa Uingereza mwaka 1956, ukapewa jina la jamaa ya Hartnup. Hula triptofani kama sisi, lakini utumboni haipiti sawasawa, na nyingine hupotea katika mkojo. Baadhi yao hubabuka ngozi kama wenye pelagra, maradhi ya watu wanaoishi kwa mahindi matupu. Chakula kilikuwapo, mlango haukuwapo. Neno "hufyonzwa" litamwelezaje mtu huyo?

Siwalaumu walimu wetu, maana muhtasari ni mrefu na muda ni mfupi. Naomba kipindi kimoja tu muhula ujao, tena kifundishwe kwa Kiswahili, ili tuweze kukirudia nyumbani mbele ya bibi zetu. Na kama Mkuu wa Shule atatupa ukuta wa nyuma wa maabara, tutachora juu yake seli moja kubwa na milango yake. Rangi tutachanga wenyewe.