Usanifu wa Michezo ya Video: Fani Inayobisha Mlango wa Idara ya Kiswahili

Neno 'mchezo' limebeba dharau kwa muda mrefu. Mtu asiyetilia kazi maanani huambiwa kuwa anafanya mchezo, na wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutunga usaha. Si ajabu basi kwamba kijana anayetangaza azma ya kusomea sanaa na usanifu wa michezo ya video chuo kikuu huchekwa na jirani, hukaripiwa na mzazi na kuulizwa na mwalimu wake kama amekosa la kusomea. Swali linalosahaulika ni hili: je, si Kiswahili hiki hiki kilichoiita tamthilia 'mchezo wa kuigiza'? Tamthilia imetahiniwa kwa miaka na mikaka, imeandikiwa tasnifu, na hakuna mhadhiri anayeona haya kuifundisha. Jina halikuizuia kuwa taaluma.

Kwanza ni vyema kubainisha fani yenyewe. Mchezo wa video huzaliwa kwa ushirikiano wa mafundi wa aina tatu hasa. Mtayarishaji wa programu huandika amri zinazoiongoza tarakilishi. Msanii huchora wahusika na mandhari, huyaunda maumbo hayo kwa pande tatu, huyavika rangi na ngozi, huyatia kiunzi cha mifupa, kisha huyahuisha ili yatembee na kugeuka. Msanifu naye hutunga kanuni: mchezaji anaruhusiwa nini, anazuiwa na nini, anatuzwa lini na anashindwa vipi. Mwanafunzi wa sanaa hii huanza na mafunzo ambayo mchoraji wa karne yoyote angeyatambua, yaani kuchora mwili wa binadamu, mwanga na kivuli, umbali na ukaribu, na uwiano wa rangi. Programu za tarakilishi hujengwa juu ya msingi huo.

Fani hii si ngeni vyuoni. Mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Abertay, mjini Dundee, Uskoti, kilianzisha shahada ya michezo ya tarakilishi. Mwaka uliofuata taasisi ya DigiPen ilifungua milango yake mjini Redmond, katika jimbo la Marekani la Washington, kwa wanafunzi wa shahada ya kuunda michezo. Chuo Kikuu cha Southern California nacho kiliiweka taaluma hii chini ya paa moja na sanaa ya filamu, ishara kwamba waanzilishi wake waliiona kuwa ndugu wa usimulizi.

Matunda yalionekana mapema. Mwaka 2005 kikundi cha wanafunzi wa DigiPen kiliunda mchezo ulioitwa Narbacular Drop. Mhusika wake mkuu ni binti mfalme aliyefungwa shimoni na asiyeweza kuruka hata kidogo. Njia yake ya pekee ni kufungua milango miwili ya ajabu, aingie kwa mmoja na kutokea kwa mwingine. Udhaifu wa mhusika ndio uliozaa mchezo mzima. Kampuni ya Valve iliwaajiri wanafunzi hao, na mwaka 2007 wazo lao likawa Portal, mchezo uliosifiwa ulimwenguni kote. Mwaka huo huo wa 2005, wanafunzi wa Southern California walitoa Cloud, kisa cha mtoto aliyelazwa hospitalini anayeota kwamba anapaa mawinguni. Jenova Chen na Kellee Santiago walitoka katika chuo hicho wakaanzisha kampuni yao mwaka 2006, na mwaka 2012 ikatoa Journey, ambamo wasafiri wawili wasiojuana hukutana jangwani na kuwasiliana kwa mlio tu, bila neno hata moja. Msomaji wa fasihi akiutazama mchezo huo atatambua dhamira na taswira anazozifahamu vyema.

Taasisi zenye heshima nazo zimeukubali utanzu huu. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba michezo ya video inalindwa na uhuru wa kujieleza sawa na vitabu, tamthilia na filamu. Mwaka 2012 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York ilitwaa michezo 14 kwa hifadhi yake, ikiwemo Pac-Man na Tetris. Tangu mwaka 2001 kumekuwepo jarida la kitaaluma, Game Studies, lililoasisiwa chini ya uhariri wa Espen Aarseth. Katika miaka hiyo wahakiki walizozana vikali: baadhi walishikilia kwamba mchezo ni aina ya masimulizi na hivyo usomwe kwa nadharia za naratolojia, ilhali wengine walisisitiza kwamba kiini chake ni kanuni na wala si kisa. Mjadala huo ni wa nadharia ya fasihi mia kwa mia. Kinachosikitisha ni kwamba sauti ya wahakiki wa Kiswahili haijasikika humo.

Hata hivyo, kuisifu fani si kuifumbia macho hila za wanaoiuza. Nchini Marekani kulikuwa na msururu wa vyuo vya kibiashara vilivyojulikana kama The Art Institutes, na sanaa na usanifu wa michezo ilikuwa miongoni mwa kozi vilivyozinadi kwa vijana. Matawi manane ya mwisho yalifungwa Septemba 2023. Mei 2024 Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ilitangaza kufuta mikopo ya dola bilioni 6.1 ya takriban watu 317,000 waliosomea kozi mbalimbali katika vyuo hivyo kati ya mwaka 2004 na 2017. Kwa mujibu wa wizara hiyo, matangazo yalidai kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wahitimu walipata kazi katika fani zao ndani ya miezi sita, ilhali kiwango halisi hakikufika asilimia 57. Tawi moja hata liliingiza mapato ya mcheza tenisi Serena Williams katika hesabu ya wastani wa mishahara ya wahitimu wake! Aidha, wenye ujuzi wa kweli hawakusalimika na misukosuko ya soko: Januari 2024 Microsoft ilitangaza kuwaachisha kazi watu 1,900 katika kitengo chake cha michezo.

Funzo kwa Kenya li wazi. Mzazi anayeuza ng'ombe au kipande cha shamba ili alipe karo ana haki ya kuambiwa ukweli. Kozi inayomfundisha mwanafunzi kubofya vitufe vya programu moja humwacha mikono mitupu programu hiyo inapopitwa na wakati. Kozi inayomfundisha kuchora, kusimulia, kutunga kanuni na kufanya kazi na wenzake humpa ujuzi anaoweza kuuhamishia kwenye uhuishaji, matangazo, vitabu vya watoto au ualimu. Kwa hiyo swali la kuulizwa na anayetaka kujiunga na kozi kama hiyo lisiwe kama kuna tarakilishi mpya maabarani. Lililo muhimu zaidi ni kama kuna walimu wa uchoraji na wa hadithi.

Hapo ndipo idara ya Kiswahili inapohusika. Mwanafunzi wa fasihi simulizi tayari anajua utanzu wenye kanuni, zamu, ushindi na adhabu: kitendawili. Mtegaji hutega, hadhira hukubali, majibu hutolewa, na wanaposhindwa hudaiwa mji. Mji ukikataliwa, unadaiwa mwingine, hadi mtegaji aridhike na kufumbua fumbo. Huo ni usanifu kamili wa mchezo, tena uliokamilika kabla ya umeme kuvumbuliwa. Fauka ya hayo, nadharia ya fasihi simulizi imefundisha daima kwamba hadhira si mtazamaji mkimya. Huitikia, huuliza na kuubadilisha utendaji. Mchezaji wa mchezo wa video ni hadhira ya namna hiyo iliyokabidhiwa sehemu ya kazi ya fanani.

Chukulia kisa cha Fumo Liyongo gerezani. Walinzi wana mazoea ya kula vyakula vizuri anavyoletewa mfungwa. Mama yake anaficha tupa ndani ya mkate wa makapi. Walinzi wanaudharau mkate huo na kumwachia. Nje inachezwa ngoma ya gungu, na vishindo vyake vinameza sauti ya tupa ikikata pingu. Humo mna kizuizi, kifaa, tabia ya maadui inayoweza kutabirika, na wakati mwafaka wa kutenda. Msanifu yeyote wa michezo angetambua mara moja kwamba hatua nzima ya mchezo imekwisha kutungwa. Kinachobaki ni msanii wa kuuchora mji wa Pate na mwandishi anayejua Kiswahili cha kumpa Liyongo.

Yamkini mtu atauliza kama Afrika ina uwezo wa kuunda michezo. Jibu limekwisha kutolewa kwa vitendo. Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na Nairobi X ikafuata mwaka 2015. Nchini Kameruni, kampuni ya Kiro'o Games ilitoa Aurion mwaka 2016, hadithi iliyojengwa juu ya tamaduni za Kiafrika. Lakini maandishi ya Aurion yalikuwa ya Kifaransa na Kiingereza. Utamaduni uliingia mchezoni, lugha ikabaki nje. Linganisha na Never Alone ya mwaka 2014, iliyoundwa pamoja na jamii ya Iñupiat ya Alaska kutokana na ngano yao. Msimulizi wake huongea Kiiñupiaq mwanzo hadi mwisho, na mchezaji wa ng'ambo husoma tafsiri chini ya picha. Lugha hiyo ina wazungumzaji wachache mno. Ikiwa lugha ndogo kiasi hicho imeweza, Kiswahili chenye mamilioni ya wazungumzaji kitatoa udhuru gani?

Wapo watakaodai kwamba michezo hii huwaharibu vijana na kuwaondoa vitabuni. Hoja hiyo isipuuzwe, kwani mingi imejaa damu na ukatili. Hata hivyo, utanzu haupimwi kwa kazi zake duni. Riwaya pendwa za mapenzi na uhalifu hazikuifuta riwaya katika mihtasari. Wengine watasema kwamba mwanafunzi wa Kiswahili hajui tarakilishi. Hilo nalo halina mashiko, kwani mwandishi wa tamthilia hatakiwi kujua kufunga taa za jukwaani.

Yanayohitajika ni mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Kwanza, somo la uandishi wa michezo ya video liingizwe katika kozi za uandishi wa kubuni, sambamba na tamthilia na filamu. Pili, istilahi zishughulikiwe mapema, kabla ya vijana kuzoea za kukopa ovyo. Kazi ya namna hiyo iliwahi kufanyika mwaka 2004, pale mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Tatu, idara za Kiswahili, za sanaa na za tarakilishi ziwape wanafunzi wao mradi wa pamoja, kama walivyofanya wenzao wa Redmond na Los Angeles. Mtaala wa umilisi tayari umetenga mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu, na wanafunzi wa mkondo huo watafika vyuoni wakitafuta walimu.

Isitoshe, kuanza hakuhitaji maabara. Wasanifu wa michezo hufunzwa kuujaribu mchezo kwenye karatasi kabla ya kuugusa mtambo, wakitumia kadi, kete na kokoto. Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinaweza kuitenga alasiri moja, kikachagua ngano moja na kuigeuza kuwa kanuni zinazochezeka. Wasipofanya hivyo, Liyongo ataingia katika michezo ya video siku moja kwa mikono ya wengine, akiongea Kiingereza, naye mtoto wa Lamu atajifunza habari za shujaa wake kutoka kwa mgeni. Chelewa chelewa, utampata mwana si wako.