Kuongea nako kuna gharama

Mwandishi, hapo uliposema wawili wakifanya kazi kila mtu kwake dawa ni kuongea zaidi, nakupinga. Mtafiti Susan Brennan na wenzake walichapisha jaribio mwaka 2008: watu wawili, kila mmoja na kompyuta yake, wanatafuta herufi O iliyojificha kati ya Q nyingi, huku alama kwenye kioo ikimwonyesha kila mmoja mwenzake anatazama wapi. Walioonyeshana macho bila kusema neno waliwapita hata walioonyeshana macho na kuzungumza! Mimi ni mhasibu, na kusaka kosa kwa simu nakujua: “Safu ipi?” “Ya tatu.” “Kutoka kulia au kushoto?” Dakika kumi zimekwisha, shilingi hazijaonekana. Na ndugu yangu hapo juu unayesema kishale cha mausi kinatosha kumwonyesha mwenzako unapotazama, hapana. Kishale unakipeleka kwa kukusudia. Jicho linakwenda lenyewe, linarudi mara tatu kwenye tarakimu ileile kabla hujajua unachoshuku, na hapo ndipo mwenzako angekuwahi. Ila bosi asiunganishwe kwenye kuonyeshana macho huko. Macho yangu saa nane mchana, baada ya ubwabwa, ni siri yangu.