Cha Wote Kina Wenyewe

Yako maneno mepesi ulimini lakini mazito kwa madhara. Mojawapo ni haya: "Cha wote si cha mtu." Mtu huyatamka atupapo taka mtaroni, akatapo mti wa msitu usiku, au akwepapo kazi ya kusafisha kisima cha kijiji. Nasema maneno hayo ni ya uongo, na sababu zangu ni hizi.

Tutazame mtaro wa maji ya mvua hapa Cheptiret, kando ya barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret. Mwenye duka azisukumiaye takataka zake mtaroni hujiokolea safari ya kwenda jaani. Faida hiyo ni yake peke yake. Mvua kubwa ikinyesha, mtaro hufurika, na maji huingia katika duka la jirani aliye upande wa chini, ambaye hakutupa hata ganda moja la ndizi. Wahenga walinena kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Hapa mchumaji huenda asionje kabisa. Walaji ni wale wasiochuma. Elimu ya uchumi hutufundisha kwamba bei ya kitu mara nyingi haionyeshi gharama yake yote, maana sehemu ya gharama hiyo ametwikwa mtu ambaye hakuulizwa.

Tena, mtaro ukiwa safi humfaa aliyeuzibua na asiyeuzibua. Nani basi atatoka na jembe, ikiwa mvivu atafaidi sawasawa na mwenye bidii? Kila mtu humngojea mwenzake, na mtaro hubaki umeziba.

Mwaka 1968 mtaalamu wa elimu ya viumbe wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika makala iliyopata sifa kubwa juu ya malisho ya shirika. Alisema kila mfugaji huongeza ng'ombe mmoja, kisha mwingine, kwa kuwa faida ya ng'ombe ni yake na hasara ya nyasi hugawanywa kwa wote. Mwisho malisho huangamia. Tangu hapo wengi wameshika hoja kwamba mali ya wote haina budi kupewa tajiri mmoja au kuachiwa serikali pekee.

Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Wafugaji wa Hardin hawana baraza, hawana faini, wala hawasemezani. Ni watu gani hao? Kilichoyaua malisho yao ni kukosa sheria, wala si kuwa na wenyewe wengi.

Hatuna haja ya kwenda mbali kupata ushahidi. Upande wa mashariki wa uwanda wetu wa Uasin Gishu, ardhi hukatika ghafula na kuteremka kwa magenge ya Elgeyo mpaka bonde la Kerio. Huko koo za Wamarakwet zilijenga mifereji tangu kabla ya utawala wa Waingereza, kwa mawe, magogo na matawi, kuteremsha maji ya mito mpaka mashambani. Kila ukoo hujua mfereji wake na zamu yake ya maji. Mfereji ukibomoka, wanaume huitwa kuutengeneza, na asiyekwenda bila udhuru hutozwa faini. Maji yale ni ya wote, nayo yana wenyewe. Sisemi desturi ile haina kasoro: wanawake, ambao hulima mashamba yale yale, walitengwa katika shughuli za mfereji. Kasoro hiyo yafaa kurekebishwa, lakini haiondoi funzo.

Elinor Ostrom wa Marekani alikusanya mifano ya namna hiyo kutoka nchi nyingi, ukiwamo wa Valencia, Hispania, ambako baraza la maji la wakulima huamua kesi zake kila Alhamisi. Mwaka 2009 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Wasemao tumpe tajiri na wakumbuke Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Langata Road, Nairobi, walipokuta uwanja wao wa michezo umezungushiwa ukuta. Walipoandamana, polisi waliwatupia mabomu ya machozi. Uwanja uliokolewa kwa sababu watoto hawakukubali kwamba cha wote si cha mtu.

Nao wasemao tuingoje serikali wana haki kwa kiasi. Mto Sosiani hupita Eldoret, na maji yake huishia Ziwa Victoria kwa njia ya Nzoia. Watu wote wa njia hiyo hawawezi kuketi katika baraza moja. Hapo sheria ya nchi ni ya lazima, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi. Lakini askari hawezi kusimama penye kila mtaro. Sheria isiyo na walinzi miongoni mwa majirani ni karatasi tu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi, enyi vijana, mali ya wote nayo iandikiwe daftari: nani anatumia, nani anatengeneza, nani amekwepa zamu yake. Anayesema haina mwenyewe aonyeshwe jina lake katika orodha ya wenyewe, kisha apewe jembe.