Kinyama Kisiishie Kwenye Formalini

Kwa Waziri wa Afya, na kwa wakuu wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR).

Waheshimiwa,

Daktari akishuku saratani ya mlango wa kizazi, hukata kinyama kidogo, akakitumbukiza kwenye kikopo cha formalini, kikaletwa kwetu maabara. Tunakiweka kwenye nta, tunakikata vipande vyembamba, tunavipaka rangi, na mwanapatholojia anatoa jibu. Kwa kazi hiyo formalini haina mpinzani. Ila RNA huiacha vipandevipande, na RNA ndiyo inayofukuziwa sasa na watafiti wa saratani hii na ya ovari.

Aina za 16 na 18 za kirusi cha HPV husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Hutumia protini mbili: E6 huiangamiza p53, E7 huizima RB, breki mbili za seli, na seli hubaki bila wa kuizuia kugawanyika ovyo. Lakini kirusi hiki hakina mafundi wake. RNA yake hutoka kama utepe mrefu, na protini za mama mwenyewe zinazoshika RNA, hnRNP A1 ikiwemo, ndizo zinazosaidia kuamua utepe ukatwe na kuungwa wapi. Usipokatwa, inatoka E6. Ukikatwa, E7 hupata nafasi zaidi.

Kwenye ovari kuna protini nyingine inayoshika RNA, HuR. Kwa kawaida hukaa ndani ya kiini cha seli. Katika saratani nyingi za ovari hukutwa nje ya kiini, ikizirefushia maisha RNA zilizopaswa kuoza mapema, na mara nyingi wagonjwa hao hali zao huwa mbaya zaidi. Kuiona HuR ilipo kunawezekana hata kwenye nta. Kujua imeshika RNA zipi kunahitaji tishu ambayo haikupitia formalini.

Mwaka 2012 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walitoa mojawapo ya orodha kubwa za kwanza za protini zinazoshika RNA, 860 kwa jumla. Walizipata kwenye seli za HeLa, yaani saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyefariki 1951 na ambaye hakuombwa ridhaa. Hapa kwetu saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake, na anayeishi na VVU yuko kwenye hatari mara sita zaidi. Je, VVU huzibadilisha protini hizo? Seli za HeLa haziwezi kutujibu.

Mtasema chanjo ya HPV kwanza. Ni kweli, na ile iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 itaokoa wengi kuliko friza yoyote. Msiipunguzie hata shilingi, wala upimaji wa mlango wa kizazi kwa siki. Lakini mama wa miaka 45 anayesubiri mionzi leo hakuwahi kuwa binti wa kuchanjwa.

Ninachoomba ni kinyama cha pili, kwa mama aliyeridhia tu. Kiwekwe palepale kliniki kwenye dawa ya kuhifadhi RNA, ambayo huhimili joto la chumba kwa siku kadhaa, kisha kisafirishwe hadi kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza hiyo iwe na jenereta, na iwe na mtumishi wa serikali anayesoma kipimajoto kila asubuhi, si kijana wa mkataba wa mradi. Nimeshaona friza ya mradi ikigeuka kabati la mafaili wafadhili walipoondoka.

Sampuli ikilazimika kwenda nje, mwanafunzi wa Kitanzania aende nayo na ashike kazi kwa mikono yake. Na fomu ya ridhaa iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kueleweka, muuguzi amsomee mama akiwa bado amekaa kwenye kiti, hajapanda kitandani.

Wenu,
Mteknolojia wa maabara, Dar es Salaam