Tusiwakaririshe Watoto Wito

Kila tunaporudi likizo parokiani, wazazi wenye vijana wa darasa la saba hutusubiri nje ya kanisa baada ya Misa. "Frateri, nisaidie mwanangu apite mtihani wa seminari." Tunakubali. Jioni nne tano tunafundisha kwenye ukumbi wa parokia, ubao umeegemezwa kwenye kiti.

Hamu ya wazazi hatuilaumu. Nafasi za seminari ndogo ni chache, na malezi yake yanajulikana. Tunachotilia shaka ni msaada wetu wenyewe. Tunatafuta mitihani ya miaka iliyopita, tunawakaririsha majibu. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili anakutana na hesabu ya sehemu iliyoandikwa kwa Kiingereza; hesabu anaiweza, ila hajui anaulizwa nini. Pengo hilo halizibwi kwa wiki mbili. Mzazi aanze mtoto akiwa darasa la tano: kitabu chembamba cha Kiingereza, ukurasa mmoja kila jioni, asome kwa sauti, kisha aeleze kwa Kiswahili alichosoma. Hata mama asiyejua neno la Kiingereza atatambua kama mtoto ameelewa au anababaisha.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika swali la 11 la De Veritate, anamfananisha mwalimu na tabibu. Tabibu hutoa dawa, lakini mwili ndio unaopona, kwa nguvu ya asili iliyomo ndani yake. Vivyo hivyo akili ya mwanafunzi ndiyo inayojifunza. Tunaisoma sura hiyo darasani, tunaijibia mtihani, halafu tunakwenda likizo kukaririsha watoto!

Kwenye usaili tumekosea zaidi. Tunajua swali litakalokuja: "Kwa nini unataka kuwa padre?" Basi tumekuwa tukiwapa watoto sentensi moja nzuri ya kumtumikia Mungu na watu wake, wairudie mpaka itoke bila kukwama. Likizo moja mtoto alitunyooshea mkono: "Frateri, kama bado sijui, nijibuje?" Tukamwambia ajibu ile sentensi. Alikuwa na miaka kumi na tatu, na ndiye pekee aliyekuwa amesema kweli ukumbini siku ile.

Kanuni ya 234 ya Sheria za Kanisa inataka seminari ndogo zitunzwe kwa ajili ya kukuza miito. Kinachokuzwa bado ni kichanga. Kwa nini basi tumfundishe mtoto kusema kwamba wake umeshakomaa?

Halafu kuna wale ambao majina yao hayatoki. Tumeona mtoto akiacha kutumikia altareni kwa aibu, kwa sababu mtaa mzima ulishamwita "padre mdogo". Wazazi, kabla ya siku ya mtihani, mwambieni waziwazi kwamba akienda shule ya kata bado ni mtoto wenu na bado altare ni yake. Baadhi yetu tumefika humu kwa njia hiyo.

Likizo ijayo tutafundisha tena, bila ile sentensi. Atakayeuliza kama yule, tutamwambia ajibu hivyo hivyo: bado sijui, ninapenda kutumikia Misa, ninataka kujaribu. Nanyi walezi mnaosaili, tunawaomba jibu hilo msilikate alama.